Somo la uraia: Vita juu ya kufuta sheria ya matunzo ya wagonjwa katika Marekani



Safari hii sisi makapita tumepewa kurasa hizi kwa kufasiria jambo moja la uraia. Wengine walifikiri tutaandika juu ya usafi wa mabweni ao juu ya saa ya kuamka. Hayo yatakuja, msifurahi upesi. Leo tunataka kuzungumza juu ya Marekani, lakini tunaanzia hapa kwetu, katika internati, kwa sababu ya Sanduku la Wagonjwa.

Wapya hawajui vizuri historia ya sanduku lile, basi tuieleze. Miaka miwili iliyopita kila mwanafunzi wa internati alitoa franka 2.000 kwa semestri. Tulikuwa 140, maana yake feza 280.000 ziliingia. Mwenye malaria alipelekwa kwa munganga, alipimwa, alipewa kinini, na sanduku lililipa. Halafu manunguniko yakaanza. Mtunza sanduku, watu walisema, anawapa rafiki zake dawa ya kichwa hata kama kichwa hakiumi. Tena wale wenye afya walisema: "Mimi siko mugonjwa, nilipe ya nini?" Tukafanya kikao. Tukaamua ya kwamba anayependa atoe, asiyependa aache. Sisi tunaoandika hapa tuliinua mkono kwa kukubali. Tusifiche jambo hilo.

Semestri iliyofuata walitoa watu 41. Na ni watu gani? Karibu wote ni wale wanaougua mara kwa mara, maana ndio walioona faida. Feza 82.000, wagonjwa walewale. Juma la tano sanduku lilikuwa tupu kabisa. Na juma la saba mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu akashikwa na ugonjwa wa tumbo, akapasuliwa. Alipona vizuri, Mungu asifiwe, lakini hakutoka. Alilala siku kumi na tisa tena juu ya kitanda cha hospitali akiwa mzima, akingoja mjomba wake auze kinga yake kwa kulipa deni. Hatutaji hospitali ile, kwani si moja tu inayofanya vile. Mtoto alirudi darasani amekosa masomo ya mwezi mzima, na mjomba sasa anatembea kwa miguu kwenda sokoni.

Siku ya tano ijayo kikao cha wanafunzi kitaulizwa kama tufute sanduku kabisa. Wengi wanasema, "Tufute kwanza, mengine tutaona mbele." Tuliposikia maneno hayo tulikumbuka somo ambalo mwalimu wetu wa historia alitufundisha juu ya Marekani. Kule walisema neno lilelile miaka saba, na wakubwa wa inchi walijaribu kulifanya. Tusikilize ilikuwa namna gani.

Kwanza mfahamu kama Marekani, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa na bima ya ugonjwa kwa kila raia kama inchi nyingi za Ulaya. Bima ni ile watu wanaita asiranse. Ni kama sanduku letu, lakini kubwa sana, na mara nyingi ni kampuni ya biashara inayolishika. Mmarekani mwenye kazi nzuri hupata bima kwa mwajiri wake. Mwaka 1945 Prezidenti Harry Truman aliomba bima kwa watu wote, akashindwa. Tarehe 30 Julai 1965 Prezidenti Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya masanduku mawili ya serikali: Medicare kwa wazee, na Medicaid kwa masikini. Alikwenda kuitia sahihi katika mji wa Independence, kwao Truman, mzee yule akiwa ameketi pembeni yake. Miaka ishirini ilikuwa imepita.

Lakini katikati walibaki watu wengi: si wazee, si masikini wa kutosha, tena hawana mwajiri wa kuwapa bima. Mwaka 2010 walikuwa karibu milioni 48. Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Mtu aliyekwisha kuwa na ugonjwa wa sukari, ao wa moyo, ao kansa, akienda kujinunulia bima mwenyewe, kampuni iliweza kumkatalia. Ilimwambia: wewe utatumalizia feza. Kwa akili ya biashara ni kweli! Hata sanduku letu la watu 41 lilimalizwa na wagonjwa.

Ndipo Prezidenti Barack Obama alitia sahihi sheria mpya tarehe 23 Machi 2010. Watu waliiita Obamacare. Kwanza lilikuwa jina la kucheka, baadaye mwenyewe akalikubali. Tufasirie kazi yake kwa mafiga matatu, maana kila mtu hapa amekwisha kupika. Figa la kwanza: kampuni isimkatalie mtu juu ya ugonjwa wake, wala isimpandishie bei juu ya ugonjwa huo. Figa la pili: kila mtu awe na bima, mzima na mgonjwa, asiyekuwa nayo alipe faini, ile tunaita amande. Figa la tatu: mwenye mapato madogo asaidiwe na serikali kulipa. Ondoa figa moja, chungu kinamwagika. Ukiacha la kwanza na kutoa la pili, wazima wanakimbia, wanabaki wagonjwa tu, na bei inapanda mpaka nao wanashindwa. Sisi tumeona jambo hilo kwa macho yetu katika internati, bila kusoma uchumi.

Pamoja na mafiga hayo, Medicaid ilipanuliwa ili masikini wengi zaidi waingie, na kijana aliruhusiwa kubaki katika bima ya wazazi wake mpaka afikie miaka 26. Mpaka mwaka 2016 wasio na bima walishuka karibu milioni 28. Si kidogo. Lakini milioni 28 si kidogo vilevile.

Sasa tuwe wa haki. Wale waliopinga sheria hawakuwa wote watu wabaya wasiopenda wagonjwa, kama wengine darasani walivyosema kwa kelele. Walikuwa na sababu. Moja, waliona serikali haina ruhusa ya kumlazimisha mtu huru kununua kitu. Walipeleka shauri mpaka Mahakama Kuu, na tarehe 28 Juni 2012 waamuzi watano juu ya wanne walisema ya kwamba faini ile ni namna ya kodi, kwa hiyo inaruhusiwa. Lakini mahakama ilisema tena kwamba majimbo yasilazimishwe kupanua Medicaid, na mengi yalikataa. Sababu ya pili: wale waliojinunulia bima wenyewe na mapato yao yalipita kipimo cha kusaidiwa waliona bei inapanda kila mwaka. Fundi ao mkulima wa namna hiyo alilipa feza nyingi sana, akauliza: sheria hii ya "bei nafuu", nafuu yake iko wapi? Sababu ya tatu ni ahadi iliyovunjika. Obama alikuwa amesema mara nyingi kwamba anayependa bima yake ya zamani ataishika. Mwaka 2013 watu wengi walipokea barua za kuambiwa bima zao zinakwisha. Mwezi wa Novemba mwaka ule prezidenti aliomba radhi. Mkubwa akiahidi neno rahisi juu ya jambo gumu, siku ya deni inafika.

Tena sheria ilipita bila kura hata moja ya chama cha Warepublikani katika kura ya mwisho. Baraza la Wawakilishi, yaani wadepite, lilipiga 219 kwa 212. Basi Warepublikani waliona sheria si yao, ni ya wengine. Waliwaambia watu wao: tupeni nguvu, tutaifuta na kuweka nyingine. Mwaka 2010 walipewa Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2014 walipewa na Seneti. Katika miaka ile wadepite walipiga kura zaidi ya mara hamsini kwa kufuta sheria yote ao vipande vyake. Mara hamsini! Lakini Obama alikuwa angali katika kiti chake, na kila mmoja alijua kwamba sheria ya kuifuta haitapita mkononi mwake.

Mtie alama hapa, maana ndilo jambo tunalotaka mlifahamu zaidi ya yote. Mwezi wa Desemba 2015 Seneti ilikubali mswada wa kufuta vipande vikubwa vya sheria, kura 52 kwa 47. Januari 2016 mswada ulifika kwa Obama, akaukataa, kama wote walivyojua. Hakuna mgonjwa aliyepoteza kitu. Kura ile ilikuwa kama mwanafunzi anayesema "mimi nitampiga simba" akijua simba yuko mbali, tena yuko katika kizimba.

Mwezi wa Novemba 2016 Donald Trump alichaguliwa. Tangu tarehe 20 Januari 2017 Warepublikani walikuwa na prezidenti, na wadepite, na Seneti. Simba ametoka kizimbani. Ikawa sasa lazima kusema: tukifuta, tunaweka nini?

Na hapo ilionekana kwamba hawakupatana. Wengine walitaka serikali itoke kabisa katika mambo ya bima. Wengine, hasa wale ambao majimbo yao yalikuwa yamepanua Medicaid, waliogopa watu wao kubaki bila munganga. Trump mwenyewe alisema mwezi wa Februari kwamba hakuna mtu aliyejua kama mambo ya afya ni magumu vile. (Mwalimu wetu alicheka hapo, akasema wagonjwa walijua.)

Wananchi pia hawakunyamaza. Wadepite waliporudi kwao kufanya mikutano na watu waliowachagua, walikuta vyumba vimejaa. Mama akasimama, akasema mtoto wangu ana ugonjwa huu, mkifuta atalindwa na nani? Mwezi wa Juni watu vilema, wengine juu ya viti vyao vya magurudumu, walikwenda mbele ya ofisi ya Mitch McConnell, mkubwa wa Warepublikani katika Seneti, wakalala chini. Polisi waliwabeba mmoja mmoja, mikono na miguu. Na kulikuwa na ofisi ya hesabu ya Bunge, ambayo haifuati chama. Kazi yake ni kuhesabu kila mswada utaleta nini. Ofisi ile ilihesabu kwamba kwa mswada wa wadepite watu milioni 23 zaidi watakosa bima mpaka mwaka 2026. Si wote wangefukuzwa. Wengine wangeacha wenyewe kwa kuwa faini imeondolewa. Lakini hesabu ile ilikuwa nzito kwa kila mtu anayetaka kuchaguliwa tena.

Tarehe 24 Machi 2017 Paul Ryan, mkubwa wa wadepite, aliondoa mswada kabla ya kura, kwa sababu aliona atashindwa. Wakauchonga tena. Tarehe 4 Mei ulipita, 217 kwa 213. Warepublikani ishirini waliukataa. Wenzao walikwenda kusherehekea katika bustani ya prezidenti. Lakini mswada ulikuwa bado kwenda Seneti. Sisi tuliposoma hapo tulikumbuka mechi moja ya jirani zetu, wale waliokwisha kupika kuku wakati wa mapumziko, wakafungwa kipindi cha pili.

Seneti ina watu 100. Kwa kawaida sheria kubwa inahitaji 60 ili mabishano yakome na kura ipigwe. Warepublikani walikuwa 52. Hawakufika. Lakini kuna njia ya pekee kwa mambo ya feza ya serikali, na kwa njia hiyo nusu inatosha, na wakiwa sawasawa makamu wa prezidenti anaamua. Ndiyo walishika. Hesabu yake ni nyepesi: 52 wakipoteza wawili wanabaki 50, na makamu anawaokoa. Wakipoteza watatu wamekwisha.

Sasa fikeni pamoja nasi kwa juma la mwisho la Julai 2017. Siku ya pili, tarehe 25, walipiga kura kama waanze mabishano. Susan Collins wa Maine na Lisa Murkowski wa Alaska, wanawake wawili wa chama kilekile, walikataa. Ikawa 50 kwa 50. Makamu Mike Pence akatia kura yake. Siku ile John McCain wa Arizona alirudi kutoka nyumbani, mzee wa miaka 80, na kidonda cha kupasuliwa juu ya jicho. Juma moja mbele ilikuwa imetangazwa kwamba ana kansa ya ubongo. Alikubali mabishano yaanze, lakini aliwagombeza wenzake. Aliwaambia sheria kubwa haipikwi katika siri na chama kimoja. Ipite katika kamati, isikilizwe, irekebishwe na pande zote. Jueni kwamba McCain alikuwa ameipinga sheria ya Obama mwaka 2009. Hakuipenda.

Usiku uleule mswada wa kufuta na kubadilisha ulianguka, 43 kwa 57. Kesho yake, tarehe 26, walileta mswada mwingine: kufuta tu, na kungoja miaka miwili ili watafute kitu cha kuweka. Mswada huo ulikuwa karibu sawasawa na ule wa Desemba 2015. Mnakumbuka? Ule ulipita, 52 kwa 47. Huu ulianguka, 45 kwa 55. Warepublikani saba waliukataa, na kati yao walikuwamo waliokuwa wameukubali wakati ule. Maneno karibu yaleyale, karatasi karibu ileile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mgonjwa wa kweli angekosa dawa ya kweli.

Ndipo wakabaki na mswada wa mwisho, mdogo, wa kurasa nane. Ulionyeshwa kwa watu masaa machache tu mbele ya kura, katika usiku. Uliondoa figa la pili, yaani faini, na mambo mengine machache, ukaacha figa la kwanza. Ofisi ya hesabu ilisema bei itapanda, na watu karibu milioni 16 zaidi watakuwa bila bima. Hata wasenateri waliotaka kuukubali hawakuupenda. Wengine waliomba kwanza ahadi ya Paul Ryan kwamba wadepite hawatautia kazini vile ulivyo, bali wataketi pamoja kuutengeneza. Sisi tulisoma jambo hilo mara mbili tukidhani tumekosea. Mtu anaomba ahadi kwamba jambo analolipigia kura halitatendeka!

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai, saa saba na nusu hivi, kura ilianza. Makamu Pence alikuwa amekuja, tayari kuokoa. Alizungumza na McCain kwa muda mrefu. McCain akaenda mbele, akanyosha mkono, watu wote wakaangalia, akageuza kidole gumba chini. Hapana. Pamoja na Collins na Murkowski walikuwa watatu. Kura 49 kwa 51. Mswada ukafa.

Watu wengi wanakumbuka kidole cha mzee tu. Sisi tunaona si haki kabisa. Collins na Murkowski walisema hapana tangu kura ya kwanza, wakisongwa kila upande, na prezidenti akimsema Murkowski vibaya mbele ya watu wote. Murkowski alikuwa amekubali kufuta katika ile kura ya 2015. Tena Alaska ni inchi ya vijiji vya mbali, matunzo ni ghali sana, na jimbo lilikuwa limepanua Medicaid mwaka uleule. Alihesabu watu wake, akabadilika. Bila wanawake hao wawili kidole kile kisingefanya kitu. McCain alikufa tarehe 25 Agosti 2018.

Msifikiri vita vilikwisha usiku ule. Desemba 2017, katika sheria ya kodi, Warepublikani walifanya faini kuwa sifuri tangu mwaka 2019. Kwa hiyo figa la pili liliondolewa kweli. Je, chungu kilimwagika? Hapa tunapaswa kukubali kwamba mfano wetu wa mafiga haukutosha. Hakikumwagika kama wengi walivyoogopa, kwa kuwa figa la tatu, ule msaada wa serikali, lilikuwa nene: bei ikipanda, msaada unapanda nayo, na watu wa mapato madogo wanabaki. Walioumia ni wale wasiopata msaada. Mwalimu alitupa pointi kwa jibu hilo, kwa hiyo tunalirudia hapa.

Katika Maine wananchi wenyewe walipiga kura mwezi wa Novemba 2017 na kukubali Medicaid ipanuliwe. Gavana alikatala kuitia kazini, na mambo yalingoja mpaka gavana mpya alipoingia Januari 2019. Majimbo mengine yalidai tena mahakamani kwamba sheria yote ife. Tarehe 17 Juni 2021 Mahakama Kuu ilikataa shauri lao, waamuzi saba kwa wawili, ikisema waliodai hawakuonyesha hasara waliyoipata. Na mwaka 2025 mabishano yalirudi kwa nguvu: sheria ya Julai ilipunguza feza za Medicaid, na tangu tarehe 1 Oktoba serikali ya Marekani ilifungwa siku 43, sababu kubwa ikiwa ile misaada ya kulipia bima iliyoongezwa tangu mwaka 2021. Haikuendelezwa, ilifika mwisho pamoja na mwaka.

Jambo hili linagusa hata watu wetu. Wakongo wengi waliotoka katika makambi ya wakimbizi wamepelekwa kukaa Marekani, na kila mmoja hapa anamjua mtu mwenye shangazi ao kaka kule. Wakimbizi waliruhusiwa kuingia Medicaid kama mapato yao ni madogo. Sheria ya Julai 2025 ilipanga kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 wengi wao wasiokuwa bado na kibali cha kukaa daima waondolewe. Kwa hiyo mtu wa familia yako akikuandikia kwamba anatafuta kibali chake haraka, usidhani ni majivuno.

Turudi kwa sanduku. Sisi makapita tumezungumza, na hatupatani wote. Mmoja wetu angali anasema lifutwe. Manunguniko juu ya mtunza yalikuwa ya kweli, tumeona daftari lenyewe, kuna dawa zilizotoka bila jina la mgonjwa. Kwa hiyo hatusemi sanduku libaki vile lilivyo. Tunaomba tu kwamba kila mtu atakayesimama siku ya tano kusema "tufute" aje na karatasi, aandike nini kitawekwa mahali pake na ni nani atalipa. Asiyekuwa na karatasi ataruhusiwa kusema, lakini ataulizwa.

Maulizo haya mtazungumza katika darasa mbele ya kikao. Kama kila mmoja wa 140 atoe franka 1.000 tu, ni feza ngapi, na je, zingetosha kwa yule wa mwaka wa tatu? Mtoto ambaye baba yake hawezi hata hizo 1.000 tumfanyie nini? Na kama mtu akatae kutoa mwezi wa Septemba, halafu augue mwezi wa Novemba, akaja na feza yake mkononi, tuipokee?

Kikao kitakuwa katika kanisa, saa tisa, kwa sababu chumba cha kulia kinavuja. Daftari la sanduku litawekwa juu ya meza, kila mtu atalisoma mwenyewe. Wa mwaka wa kwanza nao wana kura, msiwafukuze kama safari iliyopita.